Nilimwambia Daktari Hujawahi Kuanguka

Karama, Alhamisi alasiri

Simiyu,

Mambo ya soksi za sufu, na kupiga simu ukitua, na kutomsahau Mungu, tumeshayaongea mpaka ukaziba masikio. Siyarudii. Kabla hujaendelea, keti. Usilale na barua hii kitandani, maana utasinzia na mimi nitakuwa nimehangaika bure. Vuta kiti.

Wewe unadhani kesho unaondoka kwenda kuanza msimu wako wa pili. Huendi kucheza. Unaenda kutibiwa. Daktari wa timu yako anajua yote, kwa sababu Jumatatu mimi mwenyewe nimempigia simu nikamwambia. Nimeliweka neno hili hapa juu kabisa kwa sababu nakujua, ungeruka kurasa ukilitafuta. Sasa umelipata. Tukana kidogo, halafu uendelee kusoma, maana hujui nilichomwambia huyo daktari mara ya kwanza.

Naandikia kazini, kwenye chumba cha mitambo. Unakijua vizuri: meza ya chuma, kompresa tatu, na lile joto ambalo watu hawaamini ndilo linalotengeneza barafu upande wa pili wa ukuta. Mimi ni fundi wa majokofu. Nilianza na matangi ya maziwa kule Kitale, nikaja huku kwa Waarabu kugandisha sakafu ili watoto wa matajiri wateleze. Maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kuzuia vitu visiharibike, na angalia nilivyokuharibu wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipoanza kukuleta hapa siku za Ijumaa. Sikuwa na ndoto yoyote ya mchezo, usidanganywe na yale niliyokuwa nikiwasimulia watu baadaye. Mama yako alikuwa zamu hotelini Garhoud, kwenye chumba cha mashuka, mimi nilikuwa zamu hapa, na kukuacha peke yako kwenye nyumba tuliyogawana na wapangaji wengine hakukunipendeza. Ule ukumbi wa pili, wa sakafu ya zege na kuta za mbao kuzunguka, Ijumaa ulikodiwa na Wakanada. Walikuja na fimbo zenye kijiwavu kwenye ncha, wakarushiana mpira mgumu wa raba, watano kwa watano na kipa kila upande, na kwenye kuta zile walibanana na kupigana fimbo za mikono na mbavu. Lakrosi ya ndani. Nilimwuliza Mista Ross, yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa kiongozi wao, "Refa yuko wapi?" Akanionyesha mtu aliyekuwa amesimama katikati ya vita ile, ametulia, anatafuna pipi.

Siku moja wakapungukiwa mtu. Ulikuwa na miaka kumi na minne na mabega ya mtu mzima. Mista Ross akaja mlangoni hapa akasema, "Niazime kijana wako dakika kumi." Nikasema yalla, mchukue. Nilifurahi, kwa sababu ulikuwa umenichosha kwa maswali.

Ulipofika kumi na sita ukaanguka. Najua unakumbuka kwamba ulianguka, maana nilikusimulia, lakini hukumbuki lenyewe. Jamaa mmoja mnene alikusukuma kwa fimbo kutoka nyuma, kichwa kikapiga ukuta, kisha kikapiga zege. Nilikisikia kutoka humu ndani kompresa zote zikinguruma. Nilipofika ulikuwa umelala macho wazi na hayaoni. Nilisali Baba Yetu mara mbili nzima kabla hujapepesa jicho. Mista Ross alikuwa na simu mkononi, anaita ambulensi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Hapana, hapana, khalas, mzima huyu." Akaniambia, "Barasa, huyu ni mwanao." Nikamwambia ndiyo, ni mwanangu, kwa hiyo najua.

Nikuambie nilichokuwa nafikiri, na usinipambe. Sikufikiri kichwa chako. Nilifikiri hivi: ambulensi ikija, hospitali itataka karatasi ya polisi. Polisi watauliza mtoto huyu alikuwa akifanya nini humu. Arbab, huyu mwajiri wangu, atajua kwamba kila Ijumaa naingiza mwanangu kwa mlango wa nyuma. Visa yangu inaisha Agosti, na ya kwako na ya mama yako zimening'inia kwenye yangu. Hayo yote niliyapanga vizuri kabisa, wewe uko chini, mate yanakutoka.

Nilikubeba mpaka kwenye chumba hiki. Nikachota ile theluji chafu inayokwanguliwa na mashine, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikakuwekea kichwani. Uliniuliza leo ni siku gani. Nikakujibu Ijumaa. Ukauliza tena. Nikajibu. Ulipouliza mara ya tatu nikakukaripia, nikasema, "Ijumaa, wewe! Na mama yako asijue." Ukaitikia kwa kichwa, kichwa hicho hicho. Wiki iliyofuata ukacheza.

Mafunzo yangu yalitoka mahali, na nakuambia yalikotoka bila kukuomba huruma. Tulikuja nchi hii na Mganda mmoja, fundi hodari kuliko mimi, tukalala chumba kimoja. Visa zilipofika wakati wa kuhuishwa tulikwenda medical pamoja, tukatolewa damu, tukapigwa picha ya kifua. Yake ikaonyesha doa. Hakuwa hata anakohoa. Hawakumpa dawa, walimpa ndege. Alichukuliwa asubuhi, akaacha sufuria yake ya maharagwe jikoni, na jioni tulirudi kazini tukiwa na njaa tukayala. Nilitafuna maharagwe ya mtu yule huku nikijiambia: Barasa, daktari wa huku ni askari wa mpaka aliyevaa koti jeupe. Akikuuliza unaumwa wapi, jibu ni moja, siumwi. Nilikufundisha jibu hilo kabla hujajua kuandika jina lako.

Mama yako alilishika somo kuliko sisi sote. Alikuwa na uvimbe, Simiyu, miezi minane, na mkataba wake wa hotelini ulikuwa unakaribia kwisha. Alijifunga leso kwa ndani, akakunja mashuka. Hakuniambia mimi. Alimwambia Bi Salma, jirani yetu, siku ambayo hakuweza kuinua kikapu, na Bi Salma ndiye aliyeniambia. Wewe ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni Kanada, Mista Ross amekuhangaikia mpaka ukapata nafasi, na kila ukipiga simu nilikwambia mama yako ana presha kidogo, amelala. Presha kidogo! Ukaja kumwona Kitale akiwa kwenye sanduku. Kaburini uliniuliza, "Mzee, ulijua tangu lini?" nikakwambia si wakati wake. Basi wakati wake ndio huu. Nilijua wiki kumi kabla.

Mtu mwenye akili angejifunza pale. Mimi nilimzika, nikarudi kazini.

Halafu ukaja huo msimu wako. Ee Mungu wangu, nilivyojigamba! Mwanangu ni mchezaji wa kulipwa Kanada. Niliwaambia mapadri na wauza simu. Niliwaambia walinzi wa jengo. Sikumwambia mtu hata mmoja kwamba siku za wiki ulikuwa ukibeba mbao kwenye ghala, kama wenzako wote, huyu fundi bomba, yule mwalimu, yule zimamoto, na kwamba Ijumaa jioni mlipanda ndege kwenda kuvunjana mbavu Jumamosi, na Jumatatu asubuhi kila mtu kwenye kibarua chake. Ulinieleza hayo kwenye simu ukicheka. Mimi nikaiacha kadi iishe. Nilikuwa nimeona aibu kwa niaba yako, mpumbavu mimi, wakati wewe ulikuwa na furaha.

Ulinieleza muziki haukatiki mpira ukichezwa, na watu wanapiga kengele za ng'ombe, na kwamba umewekwa upande wa kulinda: kazi yako ni kuingia kwa lango la benchi mbio, kumkuta mtu mwenye mpira, kumfanya ajute. Ulisema, "Mzee, wananipenda. Nikimpiga mtu ukumbi mzima unasimama." Nikakuuliza, "Na kufunga je?" Ukasema kufunga ni kwa wengine. Nilijua kazi ya namna hiyo. Nchi hii imejaa watu walioajiriwa mwili, sura zao hazijulikani na mtu. Ningeweza kukwambia. Badala yake nikasema, "Basi wapige sawasawa," ukacheka tena.

Ile siku uliyofunga goli lako moja, mpira ulipokudondokea mbele ya kipa ukausukuma ndani kwa bahati, nilinunua biriani ya sinia nzima. Bi Salma alikula akasema, "Goli moja tu, Baba Simiyu? Akifunga mawili utachinja ngamia?"

Februari ukapigwa. Ulinipigia siku ya pili yake, sauti nzito, ukasema ni kizunguzungu tu. Siku ya tatu nikapigiwa na mwanamke. Nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki, spana mkononi. Akajitambulisha kuwa ni daktari wa timu, na kwamba jina langu amelikuta kwenye fomu yako. Sauti ya upole. Alisema wewe umemwambia hujawahi kupoteza fahamu, lakini vijana wa umri wako hawasemi kweli, ndiyo maana anauliza mzazi. "Je, utotoni, kwenye mchezo au kwingine kokote, aliwahi kuanguka akazimia?"

Simiyu, nililiona zege. Nililiona jicho lako. Nikaona pia koti jeupe, na picha ya kifua, na ndege. Nikasema, "Kamwe, madam. Huyu ni mtoto mwenye nguvu. Hajawahi kuanguka."

Akasema ahsante sana, hilo linasaidia. Alinishukuru.

Nilikata simu nikiwa nimejawa na fahari, nikuambie ukweli. Nilihisi nimekukinga. Nilikaza nati niliyokuwa nakaza, nikaenda kunywa chai.

Wakakurudisha uwanjani baada ya wiki mbili. Mechi ya nne nilikuwa kwenye mkahawa wa intaneti hapa mtaani, asubuhi ya Jumapili, nimeomba ruhusa ya kuchelewa, masikio yamefunikwa na vile visikilizio vya sifongo vinavyonuka jasho la watu. Picha hakuna, sauti tu ya mtangazaji anayeongea mbio. Ghafla akapunguza mbio. Akasema mchezaji nambari ishirini na saba, nambari yako, yuko chini. Akasema bado yuko chini. Muziki ulinyamaza, na mimi sikuwahi kusikia muziki wa mechi zenu ukinyamaza. Halafu skrini ikajifunga, muda umekwisha, na yule kijana wa kaunta akaniambia, "Uncle, unaongeza?" Nilibaki nimekodoa kioo kile cha bluu.

Ukarudi Mei, kwa visa ya matembezi, mgeni kwenye nyumba uliyokulia. Nilikuona uwanja wa ndege umevaa miwani ya jua ndani ya jengo, nikadhani ni maringo. Ukafunga mapazia. Ukakaa gizani miezi ya joto yote, na kule nje wanagonga nguzo za hiyo reli yao mpya kutwa, ukiweka mto juu ya kichwa. Ulipokwenda kisiwani Kish kubadilisha visa ulitapika kwenda na kurudi, ukasema ni chakula cha Waajemi. Nyumbani ulifungua bomba ili nisisikie. Nilisikia. Tulikuwa watu wawili ndani ya vyumba viwili, kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua.

Bi Salma hakuwa na subira ya mchezo huo. Alinishika kwenye ngazi. "Baba Simiyu, yule mtoto anaumwa nini?"

"Amechoka na msimu, Bi Salma."

"Msimu gani? Mtoto anakimbia mwanga, chakula nampelekea kinarudi, juzi kaniita kwa jina la marehemu dada yangu ambaye hata hamjui vizuri. Mie nimezika waume wawili waliokuwa wamechoka tu. Mpeleke hospitali."

Nikamwambia inshallah. Unajua inshallah ya mtu asiyekusudia kufanya jambo.

Kwa sababu wewe ulikuwa na mpango, na mimi nikauingia kwa miguu miwili. Mwezi uliopita ulikuja jikoni na karatasi. Ulisema kabla ya mazoezi ya msimu kila mchezaji hupimwa kichwa: unasomewa maneno, unaulizwa mambo mengine, kisha unatakiwa uyarudie yale maneno. Rafiki yako amekutumia orodha za zamani. "Mzee, nisomee. Nikizikariri zote, hata wakibadilisha sitapata shida." Halafu ukasema, kwa sauti yangu kabisa, "Daktari akiuliza, jibu ni moja."

Nilipaswa kuichana karatasi ile. Nilivaa miwani yangu ya kusomea. Kila jioni baada ya kazi, mimi na wewe, kwenye meza ya jikoni, taa imezimwa, nasoma kwa mwanga wa jokofu lililoachwa wazi kwa sababu taa inakuumiza. Mlango, ndizi, mvua, kiti, sindano. Nakuuliza miezi ya mwaka kinyumenyume. Unaikosea. Narudi kwenye maneno. Unaleta matatu, unabuni la nne. Na mimi, badala ya kulia, nilikuwa nakukemea! "Makini, Simiyu! Mvua, umesahau mvua!" Nikikusahihisha, nikipiga meza kwa kalamu. Siku ukipata manne tulipongezana. Nimewahi kufanya mabaya, lakini sijui kama kuna baya lililozidi yale, kumfundisha mtu aliyevunjika kutembea vizuri mbele ya daktari.

Jumapili iliyopita nikakusomea. Ulikuwa umetoka kwenye usingizi wa alasiri. Nikasema haya, rudia. Ukafumba macho. Ukasema, "Mlango. Ndizi." Halafu ukafungua macho, umetulia, uso hauna wasiwasi wowote, ukaniuliza, "Mama anatoka zamu saa ngapi leo?"

Nilidhani utajirekebisha. Ukaniuliza tena, na safari hii ukachungulia saa ya ukutani. Ikabidi nikuambie. Ndani ya jikoni, na karatasi ya maneno mkononi, nikakwambia mama yako amefariki, na nikaiona habari ile ikikufikia upya, uso ukabomoka kama ulivyobomoka Kitale. Kisha ukacheka kwa nguvu, ukasema, "Aah, nilikuwa bado usingizini, Mzee, tuendelee." Ukanyosha mkono kutaka karatasi.

Hukumbuki hayo, sivyo? Asubuhi nilikuuliza kama ulilala vizuri, ukasema fiti kabisa.

Jumatatu nikampigia daktari. Namba yake nilikuwa nayo tangu Februari, ilikuwa kwenye simu muda wote huo. Nilitoka nje ya ukumbi, nikasimama kwenye maegesho juani, kwa sababu nilitaka kuungua kidogo. Nikajitambulisha. Nikamwambia Simiyu ameanguka mara tatu ninazozijua, na ya kwanza alikuwa na miaka kumi na sita. Nikamwambia na habari ya karatasi ya maneno, na ya mama yako.

Akasema, "Nilikuuliza Februari."

"Ndiyo, madam."

"Ukasema kamwe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikajaribu kumweleza medical ya huku, na yule Mganda na picha ya kifua, Kiingereza kinanikwama. Nikasema, "Niliogopa utamrudisha."

Akasema, "Ningemrudisha nyumbani kwake akalale. Hivyo tu. Angepumzika mpaka msimu ule uishe, chumba chenye giza, hakuna kugongwa. Mwaka huu huenda angecheza."

Umesoma hapo? Soma tena, maana mimi nimeisikia kichwani tangu Jumatatu na sitaki niisikie peke yangu. Jibu la kweli lingekugharimu wiki kadhaa za kulala. Uongo wangu umekugharimu mchezo. Hukuibiwa na yule aliyekupiga mechi ya nne, yeye alikuwa kazini. Ni mimi. Nilikuwa na neno moja la kusema, "ndiyo," na nikalikosa.

Sasa sikiliza lililopo. Mkataba wako ulikwisha kusainiwa, na umeumia ukiwa kazini kwao, kwa hiyo matibabu ni yao. Karatasi yako ya kazi kule ni nzima mpaka msimu huu uishe. Daktari anasema watakupokea, watakupiga picha za kichwa, utakaa na wataalamu. Nilimwuliza, "Na kucheza?" Akasema, "Hapana." Nikamwuliza mwaka ujao. Akasema nisimwombe aniambie uongo. Nilistahili jibu hilo.

Na baada ya msimu, hajui. Wala mimi sijui. Visa yako ya matembezi hapa inakwisha wiki ijayo, na umri wa kuning'inia kwenye yangu ulishapita. Kitale umekwenda mara mbili, zote ni mazishi. Nimekufungia mlango wa mbele na wa nyuma, na najua nimefanya hivyo. Ningekuwa bado naogopa yale niliyokuwa naogopa zamani, ningekaa kimya ili uwe na mahali pa kuishi. Ungekuwa na mahali pa kuishi na usijue ni wapi.

Usiniambie ningekuuliza kwanza. Ningekuuliza ungekataa, na mimi ningekukubalia, kwa sababu nina udhaifu huo kwako. Na wewe una wako, usijifanye malaika. Wewe ndiye uliyefungua bomba. Wewe ndiye uliyeleta karatasi. Umenirithi vizuri mno, na kama kuna kitu ningekuomba ukiache nyumba hii, ni hicho. Ukifika mbele ya yule mwanamke akakuuliza unaumwa wapi, mwonyeshe. Kila mahali. Mwambie na zile mara ulizoanguka ambazo hujaniambia mimi, maana najua zipo. Mimi sikuwahi kumwambia daktari ukweli mpaka Jumatatu hii, na nina miaka hamsini na miwili.

Nimejaribu tangu Jumatatu kukuambia haya kwa mdomo. Jumanne nilikuja mpaka mlangoni kwako, ukasema "Mzee, vipi?" nikakuuliza kama una vocha. Jana nikanunua kuku. Bi Salma ananitazama tu. Leo asubuhi akaniambia, "Humwambii wewe. Utamwacha apande ndege na viatu vyake vya mpira, akafike kule aambiwe na wageni." Ndiyo maana nimechukua karatasi za ripoti za kazi, za arbab, nikageuza upande wa nyuma.

Utakuwa umeenda mtaa wa International City kuwaaga vijana wenzako. Ukirudi utaikuta hii juu ya begi. Mimi nitakuwa ng'ambo ya ujia, kwa Bi Salma, mlango haujafungwa. Ukimaliza kusoma, njoo. Usije kuniambia yamekwisha, hayajaisha. Usininyamazie kwa heshima, heshima ndiyo iliyotufikisha hapa. Njoo uniambie usoni kile nilichostahili kuambiwa tangu Kitale. Bi Salma amesema hatatoka nje, anataka kusikia. Piga kelele ukiweza, kichwa kikikuuma kaa chini, kisha endelea.

Tukana unavyotaka mpaka usiku uishe, lakini saa kumi na moja alfajiri nikukute umevaa viatu.

Baba yako,
Barasa